Saa Kwenye Kopo la Biskuti

Mama huwa hanipigii simu saa za kazi. Anaamini chumba cha habari ni mahali ambapo watu hukimbizana toka asubuhi mpaka gazeti liende mtamboni, na mimi sijawahi kumwambia kwamba muda mwingi tunabishana nani kanywa chai ya nani. Kwa hiyo simu yake ilipoingia Jumatano ile, saa nne asubuhi, katikati ya kikao, nilitoka mbio hadi kwenye ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, ile saa yako nimeivua."

Hakuuliza hali ya mkwewe wala ya wajukuu. "Nimeitia kwenye kopo la biskuti, lile la bluu la nyuzi na sindano. Nimelifunga, nimelipandisha juu ya kabati la jikoni. Nasikia ukiiacha chumbani inavuta hata ukiwa umelala."

"Inavuta nini, mama?"

"Betri."

Mama ana miaka 67. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, anaishi peke yake Ngamiani, Tanga, tangu baba afariki. Miaka miwili kabla ya simu ile alianguka jikoni akikuna nazi. Alipozinduka, alimalizia kukuna. Baada ya siku nne akaanguka tena, safari hii mbele ya jirani, na jirani akakataa kuambiwa kwamba ni njaa tu. Hospitalini walikuta moyo wake unapiga mara 34 kwa dakika. Daktari alitueleza kwamba umeme unaozaliwa katika vyumba vya juu vya moyo haufiki vyumba vya chini, umekatika njiani. Mama, mkazi wa mtaa ambao nguzo ikianguka wanakaa gizani siku mbili, alielewa haraka kuliko mimi. "Sasa mnaniletea jenereta?" akauliza.

Kitaalamu jenereta hiyo inaitwa pesimeka. Wagonjwa wenzake wa kliniki wanaiita betri, nami nitaiita hivyo. Iko chini ya ngozi, upande wa kushoto, vidole viwili hivi chini ya mfupa wa bega la mbele. Ni kama kiberiti kilichokanyagwa, uzito wake haufiki gramu 30, na nyaya mbili nyembamba zinashuka kutoka kwake kupitia mshipani hadi ndani ya moyo. Ukimkumbatia mama vibaya unaigusa. Mimi nimejifunza kumkumbatia upande wa kulia.

Saa niliinunua mwenyewe. Ilikuwa zawadi ya Idi, ndivyo nilivyosema, lakini ukweli ni kwamba niliinunulia hofu yangu. Niko Dar es Salaam, yeye yuko Tanga, kati yetu ni safari ya basi ya saa sita ukibahatika. Saa janja inapima mapigo kila dakika, inapeleka kwenye simu yake, na simu yake ikiwa na bando inapeleka juu, nami huku nikifungua akaunti ileile naona kila kitu. Nilipomtajia jina la kifaa alikunja uso. "Saa janja? Mjanja ni sungura. Ujanja wa saa ni upi?" Nikamwambia inahesabu hatua. Sikumwambia kwamba inahesabu na moyo, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa nikisoma hesabu.

Yule kijana wa Kariakoo aliyeniuzia, kwa kuwa sikupunguza sana bei, alinipa nyongeza: kava la simu, lile la kufunguka kama kitabu, rangi ya zambarau. Mama alilipenda kava kuliko saa. Naomba ulikumbuke hilo kava.

Wiki tatu baadaye ndipo akaanza kuchoka. Hakuanguka wala kizunguzungu hakumshika, ila alichoka tu. Alikuwa akirudi sokoni anakaa kwenye kizingiti kwanza kabla ya kuingia ndani. Kwenye kikao chao cha vikoba, yeye mweka hazina, alishindwa kupanda kile kilima kidogo cha kwa mwenyekiti bila kusimama mara mbili. Akajaribu kukumbuka ni kitu gani kipya kimeingia maishani mwake, na jibu lilikuwa mkononi mwake linawaka taa za kijani. Siku hiyohiyo, kana kwamba imetumwa, ikaingia sauti kwenye grupu la vikoba: mwanamke mmoja anaonya, kwa utulivu wa daktari, kwamba mama fulani Nairobi mwenye betri ya moyo amelala na saa ya kisasa na hakuamka.

Niliisikiliza sauti ile mara nne. Kazi yangu ni kutafuta watu, na nilimtafuta mama huyo wa Nairobi kwa siku mbili: nani kakutumia, na yeye katumiwa na nani, hospitali gani, mtaa gani. Kila niliyempata alinipeleka kwa mwingine, mpaka nikarudi kwa mtu wa pili niliyemuuliza. Hakuna jina, hakuna mwezi, hakuna jirani aliyemzika. Ningependa kusema nilikasirika. Lakini nimefanya kazi kwenye habari miaka kumi na moja, na vichwa vya habari vya "Hatari!" nimeviandika kwa mikono hii, vingine vikiwa na ushahidi usiozidi wa sauti ile.

Basi nikakaa kusoma. Nilitaka kumpigia mama nimwambie "ni uzushi", neno tunalolipenda sana sisi waandishi, kwa sababu linamaliza mazungumzo. Halikumaliza. Nilichokikuta ni kwamba ule uzushi ulikuwa na punje ya kweli ndani yake, ila punje yenyewe haikuwa pale ilipooneshwa.

Kwanza zile taa za kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani; moyo ukipiga, damu nyingi hupita kwenye mishipa ya mkono na mwanga mchache hurudi, na saa huhesabu huko kupungua na kuongezeka. Ni mwanga tu, haufiki popote. Redio ya saa inayozungumza na simu ni dhaifu, na betri za siku hizi zimekingwa dhidi yake. Kuna jambo moja la kuzima: baadhi ya saa hupima mafuta ya mwili kwa kupitisha umeme mdogo sana kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionesha kwenye majaribio ya maabara na hesabu za kompyuta kwamba umeme wa namna hiyo unaweza kuvichanganya baadhi ya vifaa vya moyo, vikadhani vimesikia moyo wenyewe. Watengenezaji nao huandika kwenye vijitabu vyao kwamba mwenye kifaa cha moyo asitumie kipimo hicho. Saa ya mama ilikuwa nacho. Hakuwahi kukigusa, ila nilijisikia vibaya kwamba mimi, msomaji, kijitabu kile nilikitupa pamoja na boksi.

Halafu sumaku. Hapa nilikaa muda mrefu zaidi.

Kumbe betri ya moyo ina mlango, na ufunguo wake ni sumaku. Mlango huo uliwekwa makusudi. Daktari anahitaji namna ya kuiamrisha betri bila kumpasua mtu, kwa hiyo ndani yake kuna swichi inayohisi sumaku. Sumaku ikikaribia, betri inaacha kuusikiliza moyo na kuanza kupiga kwa kasi moja isiyobadilika, mpaka sumaku iondolewe. Kwa mwenye kile kifaa kingine, kinachoushtua moyo unapokwenda kasi ya hatari, jambo ni zito zaidi, maana sumaku inakiziba masikio na mshtuko hautoki hata ukihitajika. Januari 2021 madaktari wa Henry Ford, kule Michigan, walichapisha barua fupi: walikuwa wamemwekea mgonjwa simu ya iPhone 12, yenye duara la sumaku mgongoni, juu ya kifua, na kifaa chake kikanyamaza papo hapo. Ndiyo maana mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani na watengenezaji wenyewe wanasema simu na saa zikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa. Mkono uliotulia uko mbali zaidi ya hapo. Chaja ya saa ina sumaku, baadhi ya mikanda ina sumaku. Mkanda wa saa ya mama ulikuwa wa mpira, wa bizimu.

Nikiwa katika kusoma huko nilikutana na Arne Larsson, Mswidi, mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri ndani ya mwili, tarehe 8 Oktoba 1958. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewasumbua daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu kitu ambacho hakikuwa tayari. Elmqvist alikiunda kwa kumimina gundi ngumu ndani ya kopo la kiwi ya viatu, likawa kalibu. Kifaa cha kwanza kilidumu saa chache tu. Hakijakuwa na betri ya kudumu: kilichajiwa kutoka nje, kupitia ngozi. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya ishirini, akaishi hadi mwaka 2001, akawazika wote wawili, daktari na mhandisi. Nilimsimulia mama hayo yote kwenye simu nikidhani nampa moyo. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kopo la kiwi," akasema. "Na mimi yangu iko kwenye kopo la biskuti. Haitoki."

Usiku huo, kwa kukosa la kufanya, nikafungua akaunti na kuangalia zile wiki tatu ambazo saa ilikuwa bado mkononi.

Nilikuwa nimeziangalia kila siku, lakini niliangalia kama mzazi anavyoangalia ripoti ya shule, natafuta nyekundu tu. Nyekundu haikuwepo. Safari hii niliangalia mistari yenyewe. Usiku mapigo yalikaa 60, mahali daktari alipoweka sakafu. Alfajiri yalipanda hadi 72, yakashuka, yakapanda 90 na kitu alipofagia uani. Yalikuwa yanapanda na kushuka kama mtu anayeongea. Kisha Jumatano, kuanzia saa tatu hadi karibu saa saba mchana, mstari ulinyooka: 85, 85, 85, dakika baada ya dakika, kama uzi wa fundi mwashi. Jumamosi, siku ya soko, vilevile. Jumatano iliyofuata, vilevile. Saa haikuwa imelalamika hata mara moja, na kwa nini ilalamike? Mapigo 85 ni ya mtu mzima asiye na tatizo. Nami kila nilipoiona namba hiyo nilifurahi.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia nikamwambia aje Dar, kliniki, kabla ya tarehe yake.

"Kwa nini?"

Hapo ikabidi niseme. Kwamba saa ilihesabu na moyo. Kwamba nilikuwa nikiona. Kimya kilichofuata nakikumbuka kuliko maneno.

"Yaani wewe umekaa huko mjini unanichungulia moyo," akasema mwishowe. "Hujabisha hodi."

Nilisema nilikuwa na wasiwasi. Akasema wasiwasi una simu. Akakata. Baada ya siku mbili akapanda basi la alfajiri, akiwa na kopo la biskuti ndani ya kikapu, limefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Kliniki tulimpata mtaalamu wa betri, dada mmoja mdogo kwangu, mwenye subira ya mtu anayejibu maswali yaleyale kila siku. Alimbandika mama nyaya kifuani, akaweka kichwa cha mashine juu ya betri, akasoma. Betri nzima, nyaya nzima. Nikampa simu yangu aone ile mistari. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha hakuniuliza mimi, alimuuliza mama.

"Mama, ukitoka nyumbani simu unaiweka wapi?"

Mama alinitazama kwanza. "Geuka huko," akaniambia. Nikageukia ukutani, kwenye bango la kunyonyesha.

"Hapa," nikamsikia.

"Upande huu wa kushoto?"

"Sasa niweke wapi? Mkoba wanauchana kwa wembe. Kwenye sidiria ndiyo benki."

Yule dada akacheka, akaomba simu. Nilipogeuka alikuwa ameshika lile kava la zambarau, analifungua na kulifunga. Kila likifunga lilisema tk. Akachukua klipu ya karatasi mezani, akaisogezea ukingo wa kava. Klipu ikaruka, ikaganda.

"Naomba uiweke kama unavyoiweka siku ya soko," akamwambia mama, na mimi nikarudi kwenye bango langu. Sekunde chache. "Sasa geuka, kaka, uone." Mama alikuwa amejitanda kanga vizuri. Kwenye skrini mawimbi yaliyokuwa yakienda kwa mwendo wa mama yalikuwa yamepangwa sawasawa kama meno ya kitana, na pembeni namba ilisoma 85. Akamwomba aitoe simu. Mawimbi yakalegea, yakarudi kuwa ya mtu.

Akafungua droo, akatuonesha sumaku yao wenyewe, ya mviringo, ina tundu katikati kama donati. Huiweka kifuani kwa makusudi, akasema, kuangalia nguvu ya betri: kwa aina aliyowekewa mama, 85 maana yake betri bado ina afya. Kila kampuni ina namba yake. Kava letu lilikuwa likifanya kipimo hicho saa nne mfululizo, mara mbili kwa wiki, sokoni.

Na uchovu? Alieleza kwa kuchora nyuma ya kadi. Siku za kawaida betri inasikiliza vyumba vya juu. Mama akipanda kilima vyumba hivyo vinasema ongeza, betri inapeleka ujumbe chini, moyo unafika 110. Simu ikiwa kifuani, betri haisikii. Miguu inadai damu ya kilima, moyo unaleta 85, uleule wa kukaa. Haikuwa hatari ya kufa, akasema. Lakini kumchosha, ilimchosha.

Mama alifikiri. "Kwa hiyo si saa."

"Si saa, mama."

"Ni ile nyongeza ya saa."

Hakuna aliyenilaumu. Ningelaumiwa ingekuwa rahisi. Nilikumbuka yule kijana wa Kariakoo akilichomoa kava kwenye rundo, na jinsi nilivyojiona mjanja kupata kitu cha bure. Nilikumbuka pia kwamba ningefuata mpango wangu wa kwanza, wa kumwambia mama "ni uzushi, vaa saa yako," angevaa, na angeendelea kuchoka, na mimi ningeendelea kufurahia 85.

Mama alikuwa na maswali yake, ameyaandika kwenye daftari kama kawaida ya walimu. Jikoni, sawa. Redio, sawa, isiegemezwe kifuani. Sentimita 15 ni kiasi gani bila rula? Yule dada akamwambia atumie shibiri yake. Inazidi kidogo, na kuzidi si vibaya. Mama akanyoosha mkono, gumba kwenye betri, kidole cha mwisho kikaangukia chini ya titi. "Na nikifunga mikono kwenye swala?" Akasimama palepale, akafunga mikono chini ya kifua kama anavyofunga siku zote, saa kwenye mkono wa kulia, juu ya wa kushoto. Dada akapima kwa macho, kisha kwa rula. Ilikuwa shibiri na zaidi. Swali ambalo mimi, niliyesoma makala za Utah na Michigan, halikunijia kabisa, ni la kulala. Mama hulalia ubavu wa kushoto na mkono wa kushoto ameukunja chini ya kidevu. Jibu likawa saa ivaliwe kulia, na usiku ikae mezani pamoja na chaja yake.

Kava tulilitupa kwenye pipa la kliniki. Simu sasa inakaa kwenye kipochi alichokishona mwenyewe, kinaning'inia kiunoni ndani ya dera. Wembe wa wezi, anasema, utajua wenyewe.

Saa aliitoa kwenye kopo tukiwa bado kwenye benchi la nje, lakini hakuivaa mpaka tulipokubaliana. Masharti ni yake. Naweza kuona, maana anajua nitaona tu. Ila nisimpigie kwa sababu ya namba. "Ukitaka kujua hali yangu, piga, niamkie, niulize. Mimi nitakwambia. Yaliyobaki muulize daktari."

Nimejitahidi. Kinachonipa shida si namba, ni mapengo. Swala alipimiwa akaruhusiwa, lakini yeye ameamua kuivua kila anapokwenda kushika udhu; anasema hataki kitu kinachomhesabu akiwa amesimama mbele ya Mungu. Kwa hiyo mstari wake una mapengo matano kwa siku, na mimi, niliyeacha kusali kwa wakati tangu chuo, nimekuwa najua alasiri imeingia Tanga kabla ya adhana kunifikia hapa.

Wiki iliyopita pengo la alasiri halikuja. Saa kumi ikapita, saa kumi na nusu, mstari unakwenda tu, 68, 70, 68. Mwenye mapigo ya namna hiyo hana tatizo, najua. Nilizunguka meza mara tatu, nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Nakusalimia."

"Muongo. Nimesahau kuivua. Nimefika rakaa ya pili nikaiona inawaka, nikaiacha. Haya, wajukuu hawajambo?"